Filamu huru kuhusu binti anayeishi na wasiwasi: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya huletwa na watu wa aina mbili: wanaotaka kutengeneza filamu ya namna hii kwa pesa zao na za marafiki, na waliokwisha kutazama moja wakabaki na dukuduku. Kazi yangu ni kusoma skripti na kuzirekebisha, kwa hiyo nitaegemea zaidi kwenye hadithi kuliko kwenye lenzi na taa. Pale nilipo na msimamo wangu, nimeusema bila kuzunguka.

Hakuna jambazi, hakuna mauaji, hakuna penzi la watu watatu. Hadithi iko wapi?

Iko kwenye kukwepa.

Skripti nyingi zinazonifikia zinachukulia kwamba wasiwasi ni kutetemeka, kulia na kukosa pumzi, basi kurasa zinajaa vilio. Lakini mtu anayeishi na wasiwasi hutumia sehemu ndogo tu ya siku yake akitetemeka. Saa zote zilizobaki anazitumia kupanga namna ya kutofika mahali atakapotetemeka. Mipango hiyo ndiyo drama yenyewe, kwa sababu kila mpango ni uamuzi, na kila uamuzi una gharama.

Chukua jambo dogo. Simu inaita. Binti anaitazama, jina la anayepiga analijua, ni mtu anayempenda. Anaigeuza kifudifudi kitandani na kuisubiri ikatike. Inakatika. Anasubiri tena kidogo ili isijulikane kwamba alikuwa nayo mkononi, kisha anaandika: "Samahani, simu ilikuwa kwenye chaji." Anafuta "samahani". Anairudisha. Anatuma, halafu anashusha pumzi.

Dakika nzima imepita, hakuna aliyelia, na tayari tunajua anachokitaka, kinachomzuia, uongo aliousema na deni alilojiwekea. Ile pumzi aliyoishusha ndiyo mtego. Nafuu inayokuja baada ya kukwepa huufundisha mwili kwamba kukwepa ndiyo dawa, na simu ya kesho inakuwa nzito kuliko ya leo. Wataalamu wa saikolojia wanaujua mzunguko huu vizuri, na sehemu kubwa ya tiba imejengwa ili kuuvunja. Mwandishi akiuelewa, hana haja ya kumtafutia mhusika wake adui wa nje.

Kwa hiyo mtu akiniuliza aanzie wapi, humwambia aandike orodha ya vitu vyote ambavyo binti huyu anavikwepa, kuanzia kile kidogo kabisa hadi kile asichothubutu hata kukifikiria. Halafu apange msuko ili kila alichokikwepa kirudi kumdai. Mwanzoni haendi kwenye mikusanyiko, katikati hapokei simu, baadaye hafungui mlango. Dunia yake inapungua mbele ya macho yetu, na yeye kila siku anaona amefanya jambo la busara.

Kila mtu ana wasiwasi. Ni wakati gani unakuwa ugonjwa?

Unapozidi kiasi cha hatari iliyopo, ukakaa muda mrefu na kumzuia mtu kuishi maisha yake. Kwa ule wasiwasi wa jumla, ambao mtu anahangaikia kila kitu kuanzia kazi hadi afya ya wazazi, kipimo kinachotumiwa na madaktari ni miezi 6 au zaidi, siku nyingi zikiwa na wasiwasi kuliko zisizo nao. Huambatana na uchovu, misuli kukaza, usingizi wa mang'amung'amu, hasira za karibu na akili kushindwa kutulia.

Aina ziko kadhaa. Kuna hofu ya watu, ambayo kiini chake ni kuogopa kutazamwa na kuhukumiwa. Kuna ugonjwa wa mashambulio ya hofu, ambao mtu huanza kuiogopa hofu yenyewe. Kuna hofu ya mahali ambapo kutoka kungekuwa kugumu, kama basi lililojaa au foleni ndefu. Mwongozo wa Marekani wa magonjwa ya akili, katika toleo lake la tatu la mwaka 1980, ndio uliotenganisha rasmi mashambulio ya hofu na wasiwasi wa jumla. Kabla ya hapo yalikuwa yakiwekwa kapu moja.

Kwa mwandishi maana yake ni moja: chagua. Binti anayeogopa kuhukumiwa na binti anayeogopa kwamba moyo wake utasimama hawaingii chumbani kwa namna moja. Wa kwanza anaangalia nyuso. Wa pili anatafuta mlango ulipo na kiti kilicho karibu nao.

Ni watu wengi kiasi cha kupata watazamaji?

Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2019 watu milioni 301 walikuwa wakiishi na ugonjwa wa wasiwasi. Hakuna ugonjwa wa akili unaowapata watu wengi kuliko huo. Shirika hilohilo linasema ni takriban mmoja tu kati ya wanne anayepata matibabu. Watazamaji wapo. Swali ni kama watajiona kwenye filamu yako au watamwona mtu anayewaigiza.

Kwa nini mara nyingi mhusika mkuu ni mwanamke kijana?

Takwimu zina sehemu yake: wanawake hupatwa zaidi kuliko wanaume, na dalili nyingi huanza utotoni au katika ujana. Ila sababu ya kihadithi ndiyo inayonivutia mimi. Huo ndio umri wa kuamua mambo makubwa huku watu wengi wakikutazama: kazi, masomo, mapenzi, kuhama nyumbani. Tena msichana amelelewa kuwa mpole, kutabasamu na kutosumbua watu, malezi ambayo yanaufunika wasiwasi vizuri sana. Ukimya wake unasifiwa kuwa adabu. Kukataa kwake kutoka kunaitwa utulivu.

Tahadhari moja. Usimfanye ua lililonyauka ambalo kila mtu anataka kulimwagilia maji. Wasiwasi humfanya mtu kuwa mwongo wa mambo madogo, humfanya aghairi dakika ya mwisho, humfanya ajifikirie sana hata akasahau kuuliza habari za rafiki yake aliyefiwa. Mwache awe hivyo. Mwache pia awe mcheshi, kwa sababu wengi wao ni wacheshi. Wana muda mwingi wa kuwaangalia wengine. Mhusika anayetuudhi kidogo tunamwamini.

Shambulio la hofu lionyeshwe vipi?

Kwanza jua lilivyo. Moyo unakimbia, kifua kinabana, jasho, kizunguzungu, vidole na midomo vinaingia ganzi, vitu vinaonekana kama si vya kweli, na juu ya yote uhakika kwamba unakufa au unarukwa na akili. Hupanda kwa ghafla na kufikia kilele ndani ya dakika chache, mara nyingi zisizozidi 10. Ile ganzi ina sababu ya kimwili: mtu akipumua haraka kupita kiasi, kaboni dayoksaidi hupungua kwenye damu, na vidole huanza kuchomachoma. Ndiyo maana wengi hukimbilia hospitali wakiamini ni moyo. Wanapimwa, wanaambiwa hawana kitu, wanarudi nyumbani na aibu juu ya hofu.

Sasa kwenye filamu. Ushauri wangu ni mara moja, ikizidi mara mbili. Shambulio la tatu halimtishi mtazamaji, anasubiri liishe. Kamera inayoyumba, picha inayopiga ukungu, mlio mkali masikioni, vyote hivyo vimetumika mpaka vimechoka, na vina kasoro nyingine: vinatuambia kwamba kitu cha ajabu kinatokea duniani, ilhali kinachotisha katika shambulio ni kwamba dunia inaendelea kama kawaida. Watu mezani wanaendelea kula. Mtu anamwuliza kama anataka chumvi. Weka kamera mahali pamoja, usikate, na umwache mwigizaji afanye kazi ya kuonekana mzima.

Kinachosahaulika karibu kila mara ni baada yake. Uchovu mkubwa. Kunawa uso chooni, kukausha kwapa kwa karatasi, kuangalia saa ili kujua ametoweka kwa muda gani, kuandaa maelezo kabla ya kurudi mezani. Kama una dakika tano za skripti kwa ajili ya shambulio, mbili zipe tukio na tatu zipe kilichofuata.

Na tafadhali, mfuko wa karatasi wa kupumulia uacheni. Ni ushauri wa zamani ambao haupendekezwi tena, kwa kuwa mtu mwenye tatizo halisi la moyo au mapafu anaweza kudhurika, na filamu huwafundisha watu bila kukusudia.

Mwigizaji wetu ataigizaje hayo bila kuumia?

Swali zuri, na wachache huliuliza mapema. Mwili haujui kwamba unaigiza. Ukimtaka mwigizaji apumue kwa kasi mara nane mfululizo kwa sababu taa haikukaa vizuri, ataingia ganzi na kizunguzungu cha kweli. Panga mambo yote ya kiufundi ukiwa na mtu mwingine amesimama badala yake, halafu mlete yeye wakati kila kitu kiko tayari. Pumzi zenyewe zinaweza kurekodiwa peke yake baadaye, studio, akiwa ameketi. Mbele ya kamera anahitaji mabega, shingo na mikono tu; masikio ya mtazamaji yatamalizia.

Kubalianeni neno la kusimamisha, na liheshimiwe na mwongozaji kabla ya mtu mwingine yeyote. Usiiweke siku hiyo mwisho wa wiki ngumu. Mwongozaji anayemchokoza mwigizaji kwa kumkumbusha msiba wake ili apate machozi ya kweli, mimi simwiti hodari. Anaazima kitu asichoweza kukirudisha.

Lazima tueleze chanzo chake? Alifanywa nini utotoni?

Si lazima, na mara nyingi ni vibaya. Kisengerenyuma, yaani tukio la zamani linaloingizwa katikati ya hadithi, kinachofunua kwamba yote yalianza siku fulani humfanya binti kuwa fumbo lenye jibu, na jibu likishapatikana mtazamaji hustarehe. Wasiwasi hutokana na mchanganyiko wa urithi, tabia ya kuzaliwa nayo na mambo ya maisha; kwa wengi hakuna siku moja ya kuinyooshea kidole. Kuna waliopitia mabaya na hilo linaeleweka, basi liandike kama sehemu ya maisha yake, lisiwe ufunguo wa kabati. Anayeteseka bila sababu anayoweza kuitaja ana aibu ya ziada: "Sina hata haki ya kuwa hivi." Sentensi hiyo ina drama kuliko visengerenyuma vitatu.

Kamera na sauti vitumikeje?

Anza na sauti. Bajeti ikiwa ndogo, afadhali picha ya wastani na sauti safi kuliko kinyume chake, na kwa hadithi hii sauti ndiyo inayoingia kichwani mwa mhusika. Mtu mwenye wasiwasi husikia sana: friji inayonguruma, viatu kwenye ngazi, kicheko cha chumba cha pili ambacho anaamini anachekwa yeye. Rekodi ukimya wa kila chumba mnamoshuti, walau nusu dakika watu wote wakiwa wametulia, kwa sababu mhariri atauhitaji kuziba mapengo. Halafu katika uhariri ongeza na upunguze kidogokidogo. Mtazamaji asitambue kwamba friji imepanda. Ajikute tu amekunja bega.

Kwa picha, kanuni yangu ni kumwacha binti pembeni ya fremu na nafasi tupu upande ambao mtu anaweza kutokea. Milango iwe ndani ya picha. Picha ya karibu ya uso itunzwe; ukiitumia tangu dakika ya kwanza hutakuwa na pa kwenda. Wengine hupenda umbo la zamani la fremu, karibu mraba, ili kumbana. Linafanya kazi, ingawa limekuwa mtindo kiasi kwamba siku hizi naulizia sababu.

Muziki? Ama uwe mchache sana au uwe na ujasiri. *Shiva Baby* ya Emma Seligman, ya mwaka 2020, ni filamu ya kuchekesha kuhusu msichana aliyekwama kwenye mkusanyiko wa msiba pamoja na watu anaowakimbia, na nyuzi za muziki wake zinalia kama za filamu ya kutisha. Huo ni uamuzi. Piano ya huzuni chini ya machozi si uamuzi.

Kama unataka wimbo uliokwisha kutoka, kumbuka kwamba vibali ni viwili: cha wenye utunzi na cha wenye rekodi. Kupata kimoja hakukupi kingine.

Tuweke sauti ya mawazo yake?

Ikiwa tu mawazo yake ni ya kuchekesha au ni ya uongo. Sauti inayotuambia "naogopa" juu ya uso unaoogopa ni karatasi iliyopotezwa bure.

Mama, rafiki, mpenzi: wanafanya nini kwenye hadithi hii?

Wanasaidia, na hapo ndipo penye uchungu. Wahusika wa pembeni katika skripti nyingi wamegawanywa pande mbili, wanaoelewa na wasioelewa. Maisha hayako hivyo. Watu wanaomharibia zaidi mara nyingi ni wale wanaomwonea huruma.

Mama anamwagizia chakula ili asizungumze na mhudumu. Dada anampigia simu ofisini na kusema ana mafua. Mpenzi anaacha kumwalika popote ili asimtie kwenye mtihani wa kukataa. Kila mmoja ametenda kwa upendo, na kila mmoja ameipunguza dunia ya binti huyu kwa hatua moja. Watafiti wa wasiwasi wa watoto wameliangalia sana jambo hili, jinsi familia inavyojipanga kuuzunguka wasiwasi wa mmoja wao mpaka wote wanaishi kwa masharti yake, na ipo tiba inayofanywa na wazazi peke yao, wakifundishwa kuacha kumwepusha mtoto huku wakibaki karibu naye.

Fikiria basi tukio la mama anayeamua kutoagiza. Wako mezani, mhudumu amesimama na kalamu, na mama, ambaye kwa miaka yote amekuwa akisema "na huyu mletee…", safari hii ananyamaza na kuutazama mkono wake mwenyewe. Tunamwona anavyoumia kunyamaza. Tunaona binti anavyogundua kwamba ameachwa. Hakuna mbaya pale mezani. Tukio kama hilo lingenifanya nimpigie mtayarishaji simu usiku.

Mtu asiyeelewa naye ana nafasi, ila mpe hoja. "Jikaze" ikitoka kwa bibi aliyejikaza maisha yake yote, kwa sababu hakuwa na namna nyingine, ina uzito tofauti na ikitoka kwa katuni la mtu mkali.

Tiba ionyeshwe vipi bila kuwa tangazo la afya?

Kwa kuionyesha ilivyo: ni kazi, inachosha, na haina hotuba. Tiba ya mazungumzo yenye ushahidi mkubwa zaidi kwa wasiwasi ni ile inayoshughulika na fikra na tabia pamoja, ambayo daktari wa akili wa Marekani, Aaron Beck, aliijenga kuanzia miaka ya 1960. Ndani yake kuna sehemu ambayo mwandishi wa filamu anapaswa kuishukuru: kukabili hofu hatua kwa hatua. Mtaalamu na mgonjwa huandika orodha ya vitu vinavyoogopwa, kuanzia chepesi hadi kizito, na kuanza kuvipanda kimoja kimoja.

Umeona? Ni ile orodha niliyokutaka uiandike kwenye swali la kwanza. Nusu ya kwanza ya filamu anateremka nayo, nusu ya pili anajaribu kupanda. Na mazoezi yenyewe ni ya kuchekesha na kutisha kwa pamoja: kuuliza swali la kipuuzi kwa makusudi mbele ya watu, kukaa kwenye lifti hadi hofu ipungue bila kushuka, kupiga simu bila kuandika kwanza maneno ya kusema.

Kuhusu vidonge, usiandike kwamba alimeza jana na leo anatabasamu. Dawa zinazotumiwa sana, zile za kundi la kuinua serotonini, huchukua wiki kadhaa kufanya kazi, na siku za mwanzo baadhi ya watu huhisi wasiwasi ukizidi. Zile za kutuliza haraka za jamii ya benzodiazepini zinaweza kumfanya mtu azitegemee. Kumeza dawa pia kusionyeshwe kama kushindwa. Mtaalamu mmoja asome skripti kabla hamjashuti. Atakuonyesha mambo ambayo wewe na mimi tungeyapitisha.

Mwisho uweje? Apone?

Asipone kabisa, asife pia. Huo ndio msimamo wangu na najua wapo wanaoupinga. Kwa watu wengi wasiwasi hupungua, hutulia miaka, hurudi ukigongwa, na wao wanajifunza kutoupa usukani. Mwisho unaonishawishi ni ule ambao binti anafanya jambo moja ambalo mwanzoni alilikwepa, na analifanya vibaya. Sauti inamtoka juu mno, anasahau nusu ya alichotaka kusema, anaaga mapema. Lakini amelifanya, na sisi tuliohesabu naye hatua zote tunajua ukubwa wake, ingawa mtu mwingine chumbani hajaona kitu. Mpenzi mpya aliyemponya kwa kumkumbatia, hapana.

Je, tugusie kujiua?

Kama hadithi haihitaji, msiingize ili kuiongezea uzito. Kama inahitaji, Shirika la Afya Duniani lilitoa mwaka 2019 mwongozo maalumu kwa watengenezaji wa filamu na maigizo. Usomeni kabla ya kuandika. Kwa ufupi: msionyeshe njia wala kuitaja kwa undani, msiifanye ionekane nzuri au jibu la tatizo, onyesheni wahusika wanaotafuta msaada na wanaopata, na wekeni maelezo ya mahali pa kupata msaada katika nchi ambako filamu inaonyeshwa. Onyo fupi mwanzoni halimwondolei mtu utamu wa hadithi. Mkitumia mwanga wa kumetameta, usizidi mara 3 kwa sekunde, kwa ajili ya watazamaji wenye kifafa kinachoamshwa na mwanga.

Nina wasiwasi mwenyewe. Niitazame filamu ya aina hii?

Wengi husema iliwapa faraja ya kuona kitu walichodhani ni chao peke yao. Wengine mwili unaitikia: mtu akipumua kwa shida kwenye skrini, nao wanaanza. Itazame nyumbani kwanza, mchana, na mtu mwingine akiwepo, na usione haya kuisimamisha. Ila ukigundua unaziacha filamu zote zinazoweza kukugusa, hilo nalo ni la kumwambia daktari au mshauri, kwa sababu umeshajua kukwepa kunavyofanya kazi.

Ni kisa cha kweli cha rafiki yangu. Naweza kukiandika?

Muulize kabla hujaandika, kisha muulize tena akishaisoma skripti, na ukubali kwamba jibu la pili linaweza kuwa tofauti na la kwanza. Kubadili jina hakutoshi ikiwa kila anayemfahamu atamtambua kwa kazi yake na dada zake. Kama kisa ni chako mwenyewe, tatizo ni jingine: utataka mhusika aeleweke kuliko inavyofaa. Mpe mtu mwingine akuulize mahali ulipomkingia kifua.

Tuna pesa kidogo sana. Inawezekana?

Hadithi hii ni miongoni mwa chache ambazo umaskini wa bajeti unaweza kuzisaidia. Dunia inayopungua inahitaji lokesheni zinazopungua: nyumba moja, njia moja, ofisi moja. Waigizaji wanne au watano. Filamu ndefu ya namna hii inaweza kushutiwa kwa wiki tatu hivi kama mmefanya mazoezi ya kutosha kabla. Mwongozaji wa Marekani John Cassavetes aliweka nyumba yake rehani kutengeneza *A Woman Under the Influence*, filamu ya 1974 kuhusu mwanamke anayelemewa, na akaisambaza mwenyewe. Sikushauri uige rehani, lakini sehemu kubwa ya filamu ile ni watu ndani ya nyumba, na mpaka leo haijazeeka.

Pesa iliyopo itumike kwa mrekodi sauti, chakula kizuri cha watu wote, na siku za ziada za mwigizaji mkuu. Kamera ya gharama kubwa iwe ya mwisho kwenye orodha.

Tuanze na filamu fupi au ndefu?

Fupi, isipokuwa kama orodha yako ya vitu anavyovikwepa inakataa kufupishwa. Ukurasa mmoja wa skripti ni takriban dakika moja, na ingawa tuzo za Oscar huhesabu filamu kuwa fupi hadi dakika 40, waandaaji wa matamasha hupanga ratiba kwa urahisi zaidi wakiwa na filamu ya dakika 10 hadi 15. Chagua kitu kimoja tu kutoka kwenye orodha.

Na matamasha je?

Soma masharti ya kila tamasha kabla ya kutuma, hasa sharti la onyesho la kwanza: mengine hayapokei filamu iliyokwisha kuonyeshwa hadharani au kuwekwa mtandaoni, kwa hiyo usiipandishe popote kwa furaha ya kuimaliza. Andaa mapema tafsiri ya maandishi yanayopita chini ya picha, mistari isiyozidi miwili kwa wakati mmoja, na itafsiriwe na mtu aliyeitazama filamu nzima. Muhtasari wa kutuma uwe wa sentensi mbili na umtaje binti anachokitaka. "Filamu kuhusu afya ya akili" haimwambii mchaguzi kitu, na siku hiyo ameshasoma muhtasari kama huo mara nyingi.